Mita 148 zilizopotea New York: historia ya baiskeli kama rula

Mimi na mwenzangu tunaendesha baiskeli kila Jumamosi. Tunatoka pamoja, tunarudi pamoja, njia ni ile ile. Jumamosi moja kikompyuta cha baiskeli yake kiliandika kilomita 31.6, changu kikaandika 31.3. Mita 300 zimetoka wapi? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilipoanza kutafuta jibu nikakuta kumbe ubishi huu ni wa zamani sana, na kuna mtu ulishamgharimu rekodi ya dunia.

Tuanze na kifaa chenyewe. Katika miaka ya 1890 Mmarekani Curtis Veeder alitengeneza kihesabio kidogo cha kufunga kwenye gurudumu la mbele. Kipande cha chuma kwenye spoki kilikuwa kinagonga kijigurudumu chenye meno, na kila mzunguko ukahesabiwa. Kikompyuta cha leo kinafanya kazi ile ile, isipokuwa chuma kimebadilishwa na sumaku na sensa. Hakioni barabara. Kinachohesabu ni mizunguko tu, kisha kinazidisha na mzingo wa tairi uliokiandikia wewe. Mwendokasi nao unatokana na mzingo huo huo ukigawanywa kwa muda kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Kwa hiyo mzingo ukikosewa kwa asilimia 1, umbali na mwendokasi vyote vinakosewa kwa asilimia 1.

Asilimia 1 inaonekana ndogo, sivyo? Kwenye marathoni, yaani kilomita 42.195, ni mita 422. Na kukosea ni rahisi mno. Ukikaa juu ya baiskeli tairi linabonyea kidogo, hivyo kila mzunguko unakupeleka umbali mfupi kuliko ule ulioandikwa kwenye jedwali la mtengenezaji. Kwa tairi la mzingo wa milimita 2,105, tofauti ya milimita 10 tu inazaa kosa la karibu mita 200 kwenye marathoni nzima. Upepo ukipungua, kosa linaongezeka.

Sasa, waandaaji wa mbio za barabarani walikuwa na tatizo kubwa kuliko letu. Wengine walipima njia kwa gari, na mita ya gari haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1961 Mwingereza John Jewell alitoa uchunguzi wake kuhusu njia za kupima barabara, akaonyesha kwamba baiskeli inaweza kufanya kazi hii vizuri sana, mradi uilinganishe kwanza na umbali unaojulikana. Ted Corbitt aliichukua hoja hiyo Marekani. Corbitt alikuwa mkimbiaji aliyeshiriki marathoni ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, na mwaka 1964 alitoa kijitabu cha kuwafundisha wengine jinsi ya kupima. Mwaka 1971 Alan Jones akabuni kaunta maalumu ya gurudumu la mbele, na mwanawe Clain akawa anazitengeneza. Mpaka leo inaitwa kaunta ya Jones.

Uzuri wake ni kwamba haiulizi mzingo wa tairi lako. Unanyoosha utepe wa chuma kwenye barabara iliyonyooka, tuseme mita 300, kisha unaendesha baiskeli juu yake mara kadhaa ukiwa umekaa kama utakavyokaa kazini. Tuseme kaunta inasoma namba 3,300. Basi kila mita ni namba 11. Unaenda kupima njia ya mbio, kisha unarudi kwenye zile mita 300 na kurudia zoezi. Kwa nini urudie? Kwa sababu jua likipanda hewa ndani ya tairi inapata joto, tairi linavimba kidogo, na namba zinapungua. Hata utepe wa chuma unarefuka kwa joto, na hesabu yake inarekebishwa.

Kuna sheria mbili zaidi. Ya kwanza, mpimaji anafuata njia fupi kuliko zote anayoweza kupita mkimbiaji, sentimita 30 tu kutoka ukingo wa ndani wa kona. Ukizunguka duara zima ukiwa umejitenga mita 1 zaidi na ukingo, umeongeza mita 6.28 ambazo mkimbiaji mjanja hatazikimbia. Ya pili, unaongeza sehemu 1 katika kila 1,000, kusudi njia isije ikawa fupi. Kwenye marathoni hiyo ni mita 42 za akiba.

Akiba hiyo ina maana gani? Turudi New York, Oktoba 1981. Alberto Salazar alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 13. Dunia ikashangilia, maana muda bora wa Derek Clayton, 2:08:33.6 wa mwaka 1969, ulikuwa umevunjwa kwa sekunde 20 hivi. Miaka michache baadaye njia ilipimwa upya. Ilikuwa fupi kwa mita 148 hivi.

Piga hesabu. Kwa kasi yake Salazar alikuwa anakwenda karibu mita 5.47 kwa sekunde, kwa hiyo mita 148 ni sekunde 27. Ukimwongezea anafika 2:08:40, nje ya rekodi. Yeye hakudanganya mtu. Alikimbia njia aliyopewa, na kosa la asilimia 0.35 likamnyang'anya. Wewe na mimi tunaendesha na vikompyuta vyenye makosa makubwa kuliko hayo bila kujua.

Mwaka 1989, New York hiyo hiyo, Mtanzania Juma Ikangaa alishinda kwa 2:08:01 na kuweka rekodi ya njia ile iliyodumu mpaka 2001. Muda wake haukuja kufutwa na mtu yeyote. Mkenya Kelvin Kiptum naye alipokimbia 2:00:35 Chicago mwaka 2023, katika enzi hii ya satelaiti, bado njia za rekodi zilikuwa zinapimwa kwa baiskeli. Saa ya GPS inakadiria nukta moja moja, inakata kona na inababaishwa na maghorofa. Baiskeli inagusa lami yenyewe.

Na ubishi wetu je? Tulichora mstari kwa chaki, tukakaa juu ya baiskeli, tukasukumwa mizunguko 10 kila mmoja, tukapima. Yeye alikuwa ameandika milimita 2,125 wakati ukweli ni 2,101. Mimi niliandika 2,105, ukweli ni 2,096. Ukirekebisha, yeye alikwenda kilomita 31.24, mimi 31.17. Zile mita 300 zimebaki 70, na hizo tumekubaliana ni za kona na kuyumba kwake barabarani. Yeye anasema ni kuyumba kwangu.

Chaki, futi ya fundi na rafiki wa kukusukuma vinatosha. Jaribu, ila jaza upepo kwanza.