Ua la Shaba

Historia ya Katanga huanzishwa kwa kawaida na Msiri, Mnyamwezi aliyetoka upande wetu huu akajenga ufalme wake Bunkeya katika karne ya 19. Kisha Wabelgiji, kisha kampuni ya Union Minière iliyoundwa mwaka 1906. Mimi, msomaji, ningeianza na mmea.

Ni mmea mdogo wa jamii ya mrehani, wenye maua ya zambarau. Wataalamu huuita Haumaniastrum katangense. Watafutaji wa madini waliuita ua la shaba. Huota kwenye vilima vilivyokimbiwa na miti ya miombo, maana shaba humo huweza kupita miligramu 10,000 katika kilo moja ya udongo. Mmea wa kawaida hufa ungali mchanga. Wala huu haukujifunza kustahimili sumu kama mtu ajifunzavyo kazi. Mbegu zisizohesabika zilianguka pale zikafa. Chache zilizozaliwa na uwezo wa kuzuia shaba isizidhuru zilizaa, na vizazi vikafuatana. (Zamani ilidhaniwa kuwa majani yake yamejaa shaba. Yalipooshwa vizuri, nyingi ikaonekana kuwa vumbi tu!)

Kinachonivutia ni kwamba mmea huu humfuata binadamu. Wahunzi wa kale walibeba mawe ya shaba mpaka kando ya vijito, wakayeyusha kwa udongo wa kichuguu, mkaa na mivukuto, wakatengeneza ile misalaba iliyotumika kama fedha. Walipoondoka waliacha udongo wenye sumu, na ua likahamia hapo. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipofuata maua hayo walikuta tanuri, nyingine za karne ya 14. Hakuna aliyeandika habari za wahunzi wale. Ua ndilo lililotunza anwani yao.

Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilipowashwa Lubumbashi mwaka 1911, moshi wake uliua miti upande unakoelekea upepo, na ua likafika huko pia.

Lakini si mimea yote iliyo na bahati ya kuhama. Zaidi ya aina 30 hazioti popote duniani ila kwenye udongo wa shaba wa Katanga. Mmoja, Crepidorhopalon perennis, ulijulikana kutoka mahali pamoja tu: Kalukuluku, karibu na Lubumbashi, Wabelgiji walipopaita Étoile. Hapo ndipo Union Minière ilipoanza kuchimba, mwaka ule ule wa 1911, na kilima kikageuzwa shimo.