Ukikanyaga, gari liitike: safari ya pedeli ya mafuta

Makambako ndipo barabara ya Songea inapoiacha ile ya Dar es Salaam na Mbeya. Lami yake ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza, na kwa dereva wa gari la gia za mkono, kilomita kama 60 za kwenda Njombe ni mtihani wa injini. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 15. Kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam ikifika huku petroli inazidi hewa: plagi zinashika masizi, moshi unatoka mweusi, na ukikanyaga mafuta gari linasita kwanza ndipo livute.

Gari linaweza kusita pia kwa sababu iliyo kinyume, hewa ikiizidi petroli, na hapo mafundi wa zamani walikuwa na dawa. Chukua Datsun 240Z, gari la spoti lililoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. 240Z ya kawaida ilikuwa na kabureta mbili za mtindo wa SU. Juu ya kila moja kuna kikombe cha oili nyepesi kinachoizuia pistoni ya ndani isiruke pale unapokanyaga ghafla. Mvuto unaongezeka kwenye jeti na petroli inapanda kwa wingi. Oili ikipungua, pistoni inaruka, hewa inazidi petroli, injini inakwama. Fundi anafungua kifuniko kwa vidole, anaongeza oili, anafunga. Napenda sana ufundi wa namna hii, kwa sababu kosa na tiba vyote vinaonekana kwa macho.

Kisha ikaja turbo. Toyota Celica Twincam Turbo ilishinda Safari mara tatu mfululizo, 1984 hadi 1986, lakini turbo husubiri moshi wa injini uizungushe, na dereva husubiri nayo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 BMW ilianza kuondoa waya kati ya pedeli na injini. Leo pedeli ni sensa tu. Kompyuta ndiyo inayoamua mlango wa hewa ufunguke lini na kwa kiasi gani. Mara nyingi imepangwa kuufungua taratibu, ili gari lisishtuke na moshi upungue. Ndiyo maana katika baadhi ya magari mapya ya klachi, ukiachia mafuta ili ubadili gia, mzunguko wa injini unabaki juu kitambo: mlango unafungwa polepole makusudi, petroli isitoke bila kuungua.

Kwa hiyo gari la namna hii linapochelewa kuitika kwenye mlima wa Njombe, fundi aanze na filta iliyojaa vumbi na mlango wa hewa ulioshika uchafu. Vikiwa safi na uchelewaji ukabaki, asikimbilie kumuuzia mteja plagi wala pampu ya petroli kabla ya kuzipima: huenda gari linafanya alivyoliagiza mtengenezaji, na kulibadilisha kunahitaji mtu wa kuingia kwenye programu yake.