Kanisa la Mateka Huko Mai Mahiu

Mtu akaaye Kihoto, penye ukingo wa ziwa la Naivasha, hana haja ya kwenda mbali ili ayaone mambo ya kale. Na ashike njia ya kusini, mlima Longonot ukiwa mkono wake wa kuume, hata afike Mai Mahiu. Hapo barabara huanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Nairobi, na kando yake limesimama kanisa dogo sana. Darasa moja zima haliwezi kuenea ndani.

Kanisa hilo lilijengwa mwaka wa 1942, na waliolijenga hawakuwa wamisionari. Walikuwa mateka wa vita. Mwaka wa 1941 majeshi ya Uingereza yaliwashinda Waitaliani katika Somalia na Ethiopia, na maelfu ya askari wao wakaletwa Kenya. Baadhi yao walipewa kazi ya kuchonga barabara katika ukuta huo wa bonde. Walipokuwa katika kazi hiyo, wakajijengea mahali pa kusalia kwa desturi ya kwao, yaani ya Kikatoliki.

Kule juu, Kijabe, wamisionari wa Africa Inland Mission walihamia mwaka wa 1903, na mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani, aliweka jiwe la msingi la shule ya watoto wao. Jengo lile lilianza kwa heshima ya mgeni mkuu. Hili la Mai Mahiu lilianza kwa watu ambao msafiri hajui hata jina la mmoja wao; nami, kwa hilo, napenda zaidi kulitazama.

Walakini msomaji asiishie mlangoni. Na ageuke aitazame barabara yenyewe, maana hiyo ndiyo kazi kubwa ya mateka wale, na wengi waipitao hawaifikirii. Tena na akumbuke ni nani waliowateka. Miongoni mwao walikuwa askari wa K.A.R., ambao watu waliwaita Keya, vijana wa Afrika ya Mashariki waliopigana mpaka Gondar ilipoanguka mwezi wa Novemba 1941. Ni jambo la ajabu kwamba katika mteremko huu walioshindwa ndio wanaotembelewa.

Na kabla ya hao wote walikuwapo Wamasai na mifugo yao. Kwa mapatano ya mwaka wa 1904 waliondolewa katika malisho haya, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini, ili nchi ipewe walowezi wa Kizungu. Hawakuacha kanisa wala ngome ya kuoneshwa wageni. Majina ya ziwa Naivasha na mlima Longonot yametoka katika lugha yao.