Tashtiti ya kisiasa katika michoro ya Uingereza, karne ya 18

Picha zilizochapwa kwa mabamba ya shaba na kuuzwa madukani London ili kuwakejeli wafalme, mawaziri na wabunge. Biashara hii ilipata nafasi sheria ya kukagua machapisho ilipoachwa ife mwaka 1695, ikachangamshwa na kuporomoka kwa hisa za Kampuni ya South Sea mwaka 1720, na ikafikia kilele katika miongo miwili ya mwisho ya karne.

Mchoraji alilipaka bamba nta, akaikwaruza kwa sindano, kisha akalitia asidi. Shaba ililika pale tu nta ilipokwanguliwa. Maneno aliyaandika kinyume ili yasomeke yakishachapwa. Njia hii ilikuwa ya haraka kuliko kuchonga kwa patasi, hivyo picha iliweza kutundikwa dirishani wakati hoja bado inawaka bungeni. Rangi zilitiwa kwa mkono, karatasi baada ya karatasi.

William Hogarth (1697–1764), aliyechoshwa na walioiga kazi zake bila malipo, alipigania sheria ya mwaka 1735 iliyowapa wachongaji hakimiliki ya miaka 14. Bila ulinzi huo ni vigumu kuona mchoraji angeishi vipi kwa kazi yake. Mwaka 1763 alimchora mbunge mkorofi John Wilkes, makengeza na yote. Miaka hiyohiyo Lord Bute, waziri mkuu kipenzi cha mfalme, aliandamwa na picha nyingi zilizomgeuza buti refu, kwa kuwa jina lake lilitamkika hivyo. Hata wasiojua kusoma walielewa nani anasemwa.

Mwishoni mwa 1783, waziri Charles James Fox alipotaka kuiweka Kampuni ya India ya Mashariki chini ya makamishna walioteuliwa na bunge, James Sayers alimchora amevaa kama mtawala wa Mashariki, akiingia mtaa wa Leadenhall, makao ya kampuni hiyo, juu ya tembo mwenye uso wa mshirika wake Lord North. Muswada ulianguka, na serikali nayo. Sababu kubwa ilikuwa upinzani wa mfalme, lakini Fox mwenyewe alilalamika kwamba picha za Sayers zilimwumiza kuliko hotuba za wapinzani. William Pitt, aliyefaidika kwa kuwa waziri mkuu mpya, alimpa Sayers kazi serikalini.

Si sahihi, basi, kuziona picha hizi kama sauti ya wanyonge tu. Iliyotiwa rangi iliuzwa shilingi moja au zaidi, bei isiyomfaa kibarua. Yeye alitazama dirishani, bure. Wanunuzi walikuwa mabwana wa tabaka lilelile lililochekwa, na S. W. Fores wa Piccadilly aliwakodisha majalada mazima ya picha kwa burudani ya jioni.

James Gillray (1756–1815), fundi mkali kuliko wote, aliishi juu ya duka la mchapishaji wake, Hannah Humphrey, mtaa wa St James's. George Canning, mwanasiasa kijana, alihangaika ili achorwe naye: kutochorwa kulikuwa kutojulikana. Ombi lilijibiwa mwaka 1796, katika picha ya uvamizi wa Wafaransa ambamo Canning ananing'inia kwenye nguzo ya taa. Mwaka huohuo Gillray alikamatwa kwa picha iliyodaiwa kukufuru. Kesi ikafifia, na kuanzia 1797 akawa analipwa na serikali pauni 200 kwa mwaka. Fox alizidi kuchafuliwa, ingawa Pitt naye hakupona kalamu hiyo.

Mwana wa mfalme, ambaye Gillray alimchora mwaka 1792 kama mlafi aliyeshiba akichokonoa meno kwa uma, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa picha hizi. Alipotawala kama George IV alilipa fedha ili baadhi zisitolewe. Maelfu ya karatasi kutoka mkusanyo wake yalinunuliwa mwaka 1921 na Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington.