Kikwembe kilitoka wapi? Historia ya kitambaa cha akina mama wa Kongo

Familia ya kijana inapokwenda kuposa, iwe Bukavu, Uvira, Goma ao Kalemie, inapewa karatasi ya vitu vinavyoombwa: mbuzi ao ng'ombe, koti ya baba mkwe, pesa. Karibu kila mara kuna mstari mmoja usio na mjadala: vikwembe vya mama. Wengine wanaandika mpaka aina yake, waksi ya Holande, na hesabu ya vipande. Wakwe wakileta ya bei ya chini, mashangazi wanaikunjua, wanaitazama mbele na nyuma, wanaisugua kwa vidole, kisha mazungumzo yanaanza upya.

Kikwembe, ao bikwembe kama watu wengi wanavyosema, ndicho mama anabebea mtoto, anafungia mzigo, anavaa kwenye harusi na kwenye kilio. Watu wa nje wanakiita vazi la Kiafrika. Lakini ufundi wake ulianzia Java, ukapitia Uholanzi, na wakati huo huo wakulima wa Kongo walikuwa wanalimishwa pamba kwa fimbo. Historia hiyo inaeleza kwa nini kitambaa hiki kina uzito kuliko nguo tu.

Kabla ya pamba: rafia

Watu wa Kongo hawakukaa uchi wakingojea meli. Walisuka nguo za rafia, mti wa jamii ya mchikichi. Jani changa linakatwa, ngozi yake ya juu inavuliwa, inakaushwa na kupasuliwa mpaka inakuwa uzi. Uzi huo hausokotwi kama wa pamba, kwa hiyo urefu wa kitambaa hauzidi urefu wa jani. Ndiyo sababu rafia inatoka vipande vidogo, na mtu anayetaka vazi kubwa anaviunganisha kwa kushona.

Wakuba wa Kasai ndio waliojulikana zaidi duniani kwa kazi hiyo. Wanaume walisuka, wanawake wakatarizi. Nyuzi za urembo zilikatwa fupi juu ya kitambaa mpaka zikasimama laini kama manyoya. Wazungu waliziita veluru ya Kasai. Vitambaa bora vilitunzwa kwa ajili ya siku ya kifo. Marehemu alivishwa rafia, kwa sababu asipovishwa hivyo wazee waliotangulia hawatamtambua.

Rafia ilikuwa pia pesa. Kasai na kwa Wasongye, vipande vilivyoitwa madiba vililipa mahari, faini na madeni. Upande wa bahari, Wareno wa Luanda walilipa askari wao kwa vitambaa vya rafia kutoka Loango na Kongo, kabla ya kuleta sarafu za shaba mwaka 1694. Kwa hiyo kitambaa kwenye karatasi ya mahari si jambo la jana. Zamani kilikuwa rafia, leo ni waksi, lakini kazi yake ni ile ile: kuonyesha kwamba mtoto wa watu hachukuliwi bure.

Merikani na misafara

Katika karne ya 19, misafara kutoka Zanzibar na Bagamoyo ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kufika Maniema. Nyangwe na Kasongo zikawa vituo vikubwa. Wapagazi walibeba shanga na robota za vitambaa. Kimoja kiliitwa merikani, pamba nyeupe isiyopakwa rangi, kwa sababu kilitoka Marekani, hasa kupitia bandari ya Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, vilikata njia hiyo, na viwanda vya Bombay vikachukua nafasi. Kingine kiliitwa kaniki, cheusi cha buluu.

Bei zilihesabiwa kwa kitambaa. Shuka moja ilikuwa mikono minne, yaani karibu yadi 2. Doti ilikuwa shuka mbili. Kwa kipimo hicho vilinunuliwa chakula, ruhusa ya kupita kwa mfalme, pembe za tembo, na pia watu. Kiswahili chenyewe kiliingia Maniema kwa njia hiyo hiyo, pamoja na robota za merikani na minyororo ya watumwa.

Waksi: ilikataliwa Java, ikapendwa Afrika

Kisiwa cha Java kilikuwa na ufundi wake, batiki. Fundi anachora juu ya kitambaa kwa nta ya moto, anakitia katika rangi, kisha anaitoa nta kwa maji ya moto. Palipokuwa na nta panabaki bila rangi. Ni kazi ya mkono, kitambaa kimoja kinaweza kuchukua wiki nyingi.

Waholanzi, waliotawala Java, walitaka kuiga batiki kwa mashine na kuiuza kule kule kwa bei ya chini. Mwaka 1846 Pieter Fentener van Vlissingen alifungua kiwanda Helmond, ambacho leo kinaitwa Vlisco. Viwanda vya Uholanzi vilipata njia ya kuchapa utomvu wa miti pande zote mbili za kitambaa kwa mitungi ya shaba. Shida ilikuwa moja: utomvu ulipasuka, rangi ikaingia kwenye nyufa na kuacha mishipa midogo midogo. Wajava waliona ni kasoro.

Katika miaka ya 1890, mfanyabiashara wa Uskoti, Ebenezer Brown Fleming, alipeleka kitambaa hicho pwani ya Ghana ya leo. Kule wanunuzi waliipenda mishipa ile, maana hakuna vipande viwili vilivyofanana kabisa. Wafanyabiashara wakarekebisha picha na rangi kwa kufuata ladha ya akina mama wa sokoni, na waksi ikasafiri kutoka pwani ya magharibi mpaka mto Kongo na ndani zaidi.

Hapo ndipo inatoka tabia ya mashangazi kugeuza kikwembe. Waksi ya kweli ina rangi sawa mbele na nyuma, kwa kuwa utomvu ulichapwa pande zote. Kilichochapwa upande mmoja tu, nyuma kinafifia.

Pamba ya lazima

Wakati waksi inaingia madukani, mashambani kulikuwa na pamba ya aina nyingine. Mwaka 1917 serikali ya Ubelgiji iliweka sheria ya kulima mazao ya lazima, mpaka siku 60 za kazi kwa mwaka. Katika Vita ya Pili ya dunia zikaongezwa kuwa 120. Maniema na Uele zilianza mapema. Baadaye mamia ya maelfu ya familia yaliingizwa, pamoja na Lomami, Tanganyika na bonde la Ruzizi.

Mwaka 1920 iliundwa kampuni ya Cotonco. Kuanzia 1921 kila kampuni ya pamba ilipewa eneo lake, na mkulima wa eneo hilo hakuwa na ruhusa ya kuuzia mwingine. Bei ilipangwa na serikali. Asiyetimiza shamba lake alipata faini, gereza ao fimbo. Pamba haiwezi kuliwa, na inataka palizi wakati ule ule mihogo na mahindi vinataka palizi. Kwa hiyo kazi kubwa iliangukia wanawake na watoto, na njaa ilifuata pale chakula kilipoachwa nyuma.

Jasho la familia nzima kwa msimu mzima lilileta pesa kidogo. Baada ya kulipa kodi, kilichobaki mara nyingi hakikutosha kikwembe kizuri kimoja. Aliyelima pamba alikuwa wa mwisho kuivaa.

Viwanda vilivyofunguliwa na kunyamaza

Sehemu ya pamba ilibaki nchini. Léopoldville, leo Kinshasa, palikuwa na Utexléo, baadaye Utexafrica. Albertville, leo Kalemie, palikuwa na Filtisaf. Baada ya uhuru Kisangani ilipata Sotexki. Kwa wafanyakazi, kiwanda kilikuwa mshahara na karo ya watoto. Kwa wanunuzi, kilikuwa kikwembe cha hapa hapa, cha bei ambayo mke wa mwalimu aliweza kuipata.

Kisha mambo yakaharibika moja baada ya lingine. Kilimo cha pamba kilianguka, barabara zikakatika, viwanda vikanyang'anywa wenyewe wakati wa sera ya Mobutu ya mwaka 1973, vita vikafuata, na vikwembe vya bei ndogo vikaingia kutoka nje, vingi bila kulipa ushuru. Utexafrica iliungana na Wachina chini ya jina Congotex, lakini mwaka 2007 kazi ilisimama. Mahali pa mashine leo kuna nyumba za kupangisha na ofisi.

Mavazi ya amri

Mobutu naye alikitumia kikwembe. Katika siasa ya kurudi kwenye asili, kuanzia 1972, wanaume walikatazwa koti na kravati, wakavaa abakosti. Wanawake walikatazwa suruali na nywele za bandia. Vazi la heshima likawa libaya na vikwembe viwili. Vikwembe vyenye picha ya rais viligawiwa kwenye sherehe za chama. Amri ilikwisha mwaka 1990. Suruali zilirudi, lakini kikwembe hakikuondoka, kwa kuwa akina mama walikuwa nacho kabla ya amri.

Kikwembe kinasema, kikwembe kinaweka akiba

Kiwanda kinakipa kitambaa namba. Jina kinapewa sokoni. "Mume wangu anaweza" ni cha mke anayetunzwa. "Ukitoka, nami natoka", chenye ndege na tundu wazi, ni onyo kwa mume mtembezi. "Jicho la mke mwenza" halihitaji maelezo. Majina hayo yanatajwa zaidi kwa Kifaransa, toka Abidjan mpaka Kinshasa na Bukavu, na mwanamke anaweza kuvaa neno ambalo hawezi kulisema mbele ya wakwe. Kanga ya pwani ya Afrika Mashariki inafanya kazi hiyo kwa maandishi. Kikwembe kinaifanya kwa jina tu.

Ni benki pia. Kipande kamili kina yadi 12, nusu yake yadi 6. Yadi 6 zinakatwa mara tatu: libaya, sketi, na cha kufunga juu. Mama mwenye vipande ambavyo havijakatwa ndani ya sanduku ana akiba isiyomomonyoka kama franga. Mtoto akifukuzwa shule ao akiingia hospitali, kimoja kinatoka. Binti akiolewa, kingine kinatoka. Mama akifa, sanduku linafunguliwa mbele ya ndugu, na mgawanyo wake unaweza kuleta mapatano ao ugomvi wa miaka.

Waksi ya Chine na tarehe 8 Machi

Leo sehemu kubwa ya vikwembe sokoni vinatoka China. Vingine vina jina lao wenyewe, vingine vinaiga maandishi ya Holande mpaka kwenye ukingo. "Mama, iko waksi ya kweli ao ni ya Chine?" ni swali la kila siku. Jibu la uaminifu ni kwamba vya China ndivyo vilivyowawezesha wengi kuvaa. Mwenye mfuko mdogo anapata yadi 6 bila deni. Hasara inamkuta aliyelipa bei ya Holande kwa kitambaa kitakachopauka baada ya kufuliwa mara tatu.

Kila mwaka vinachapwa vikwembe vya tarehe 8 Machi. Kwa wengi ni furaha ya kufanana na wenzao. Kwa wengine ni mzigo, maana asiye na pesa anaonekana siku hiyo. Na katika mashariki, kwa sababu ya vita, kuna vyama vya akina mama vilivyochagua kuvaa nyeusi siku hiyo badala ya sherehe.

Vita vinaonyesha kingine tena. Watu wanapokimbia, sanduku linabaki nyumbani. Kinachotoka ni kikwembe kilicho kiunoni. Njiani kinabeba mtoto, usiku kinakuwa blanketi, mvua ikinyesha kinakuwa paa, na anayejifungua barabarani anazungushiwa navyo na wanawake wenzake. Ni yadi 2, karibu kipimo cha ile shuka ya misafara. Zamani kwa kipimo hicho mtu aliuzwa. Leo mtoto anafungwa mgongoni asipotee.