Karani wa Dublin Aliyezikwa Msongari

Mkutano wa Jeshi la Maria, chama cha walei Wakatoliki, huko West Nile, Uganda, hauna tofauti na ule wa Mombasa au Mwanza: kitambaa cheupe mezani, sanamu ya Bikira Maria, maua, mishumaa miwili, rozari, kisha katibu anasoma kumbukumbu za wiki iliyopita na kila mmoja anaeleza kazi aliyopewa ameifanyaje. Utaratibu huo ulitungwa Dublin. Aliyeusambaza Afrika Mashariki amezikwa Msongari, Nairobi, katika makaburi ya wamisionari.

Msongari yenyewe ina historia yake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua hapo misheni ya Mtakatifu Austin mwaka 1899, mwaka uleule reli ya kutoka Mombasa ilipofika Nairobi. Wazungu wengine wakaiita Misheni ya Wafaransa, wakaifuata zaidi kwa ajili ya miche ya kahawa kuliko kwa ajili ya Misa. Mashamba mengi ya walowezi yalianza na mibuni ya mapadre hao. Mwaka 1921 masista wa Loreto kutoka Ireland wakafungua shule jirani. Kufikia miaka ya 1930 Waairishi ndio waliokuwa na sauti: Askofu John Heffernan alisimamia eneo lililoitwa Zanzibar, ingawa lilifika mpaka Nairobi na bara ya Kenya. Ndiye aliyetaka Jeshi la Maria lije.

Jeshi hilo lilianzishwa na Frank Duff, mtumishi wa serikali katika ofisi za fedha. Jioni ya tarehe 7 Septemba 1921 alikutana na kikundi kidogo katika nyumba ya Myra House, mtaa wa Francis, Dublin. Karibu wote walikuwa wanawake, tena vijana. Walikubaliana kwenda wawili wawili kuwatembelea wagonjwa katika hospitali ya maskini. Mwaka uliofuata walifungua hosteli kwa ajili ya wanawake waliokuwa wakiuza miili yao, na baadaye nyingine kwa wanaume wasio na makazi na kwa akina mama wasioolewa. Jina la Jeshi la Maria lilikuja mwaka 1925, pamoja na majina ya kijeshi ya Kirumi: kundi la msingi ni presidiamu, la juu yake ni kuria. Wakubwa wa Kanisa la Dublin hawakulishangilia. Walei waliojipangia kazi na kuchagua viongozi wao, tena wanawake wakiwa mbele, hawakuwa jambo la kawaida. Mwaka 1965, miaka 44 baada ya jioni ile, Duff alialikwa kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano kama mlei msikilizaji.

Aliyelileta Jeshi hilo Afrika Mashariki ni Edel Quinn. Alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Cork, akawa karani katika kampuni ya vigae Dublin. Alitaka kuwa mtawa wa ndani, shirika la Waklara Maskini. Kifua kikuu kikamzuia. Alilazwa sanatoria kwa miezi kumi na minane bila kupona sawasawa. Ilipopendekezwa atumwe Afrika, baadhi ya wenzake katika Jeshi walipinga, na kwa haki kabisa: mapafu yake yalikuwa mabovu. Alisafiri kwa meli Oktoba 1936, akafika Mombasa Novemba, akaendelea hadi Nairobi.

Walioandika habari zake hupenda kusimulia barabara za tope na gari lake kuukuu la Ford lililoendeshwa na dereva Mwislamu. Mimi naona nguvu yake ilikuwa kwingine. Alibaki karani. Aliomba ruhusa ya askofu kabla ya kugusa parokia, akahimiza sala zitafsiriwe katika lugha za wenyeji, akawafundisha watu kuandika kumbukumbu, kutunza daftari la mahudhurio na kuendesha mikutano yao, kisha akaondoka. Barua zake ziliwafuata baadaye. Katika Nairobi ya wakati ule, ambapo Wazungu, Wahindi na Waafrika walitengwa kimtaa, kanuni iliyowataka viongozi wa kila presidiamu wakae pamoja kwenye kuria haikuwa jambo dogo. Alifika Uganda, Tanganyika, Unyasa (Malawi ya leo) na Zanzibar. Mwaka 1940 akavuka bahari mpaka Morisi.

Juni mwaka huo Italia iliingia vitani. Mapadre wa Verona waliohudumu kaskazini mwa Uganda, pamoja na wa Konsolata waliokuwa Nyeri, wakahesabiwa raia wa adui, na wengi wakawekwa kizuizini. Penye misheni zilizopungukiwa mapadre, makatekista na walei wengine walibeba mzigo. Kundi linalojiendesha kwa daftari na viongozi wake halimhitaji padre kila wiki ili liendelee kuwapo.

Quinn hakuona vita vikiisha. Alizidiwa akiwa Unyasa, akatibiwa Afrika Kusini, akarudi Nairobi mwaka 1943, na akafariki tarehe 12 Mei 1944 akiwa na miaka 36. Alizikwa karibu na Askofu Joseph Shanahan, mmisionari mashuhuri wa Nigeria aliyefia Nairobi Krismasi iliyotangulia. Mwaka 1956 Wanigeria walikuja kuyachukua mabaki ya askofu wao, wakayapeleka Onitsha.

Duff na Quinn hawangetarajia yaliyofuata Nyanza. Mwaka 1963, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko waliongoza Wakatoliki wengi, hasa Waluo, kutoka katika Kanisa na kuunda Legio Maria, dini inayojitegemea yenye papa wake, makasisi wake, uponyaji na utoaji wa pepo. Jina walilitoa kwenye vikundi vile vile vya Quinn, na wengine walikuwa wanachama wa vikundi hivyo. Maaskofu walilalamika. Lakini watu waliokwisha kufundishwa kuendesha mikutano yao, kugawana kazi na kuchagua viongozi bila kumngoja padre walikuwa na kila walichohitaji ili kuanzisha kanisa. Kwa upande wa Quinn mwenyewe, Vatikano ilitambua fadhila zake za kishujaa mwaka 1994, lakini hajatangazwa mwenyeheri.