Kodi Nafuu Haitoshi: Sera ya Urejelezaji wa Plastiki Nchini Kenya

Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 28, 2017, iliweka adhabu kali: faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Miaka miwili baadaye ilikuja na motisha. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliwashushia wenye viwanda vya kurejeleza plastiki kodi ya mapato hadi asilimia 15 kwa miaka 5 ya kwanza, na kuiondolea mitambo yao kodi ya ongezeko la thamani. Hatua hiyo ilistahili pongezi. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba nafuu ya kodi pekee haikuzi sekta hii, kwa sababu urejelezaji hukwama kabla ya taka kufika kiwandani na baada ya bidhaa kutoka humo.

Tuanze na malighafi. Chupa moja ya maji ina plastiki zaidi ya aina moja: chupa yenyewe ni ya PET, kifuniko ni cha aina nyingine. Zikisagwa na kutiwa majini, chenga za PET huzama na za kifuniko huelea. Kuzitenganisha ni rahisi. Ugumu huja pale chupa hiyo inapotupwa pamoja na mabaki ya ugali, mafuta na nepi. Hapo kiwanda hulazimika kutumia maji, sabuni na umeme zaidi, na bado mzigo mwingine hukataliwa. Kodi ikipungua, uchafu haupungui.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ililitambua tatizo hili: inaagiza taka zinazooza zitengwe na zisizooza pale zinapozalishwa, na kaunti zijenge vituo vya kuchambulia taka. Lakini mkaazi anayetenga taka zake kisha akaona lori moja likizichanganya zote hatarudia kazi hiyo. Huko Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, uchambuzi ungali unafanywa na waokota taka, wengi wao bila glavu wala mkataba. Hao ndio nguzo ya sekta hii. Fedha ambazo wazalishaji wanatakiwa kuchangia kwa ajili ya taka za bidhaa zao ziwafikie kwanza wao, kwa njia ya bei ya uhakika kwa kila kilo, mizani ya haki na bima ya afya.

Upo mtazamo kwamba soko liachwe lijiendeshe. Soko hilo, hata hivyo, hufuata bei ya mafuta ghafi: mafuta yakishuka, plastiki mpya huwa rahisi, na iliyorejelezwa hukosa mnunuzi. Serikali inaweza kuziba pengo hilo kwa kuwa mnunuzi. Tayari hutenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo inajua kwamba manunuzi ya umma ni chombo cha sera. Itenge vivyo hivyo sehemu ya ununuzi wa nguzo za ua, mapipa na madawati kwa bidhaa zilizotokana na taka. Mwekezaji mwenye malighafi safi na mteja wa kudumu atajenga kiwanda na kukiendesha hata baada ya ile miaka 5 ya kodi nafuu kwisha.